Karatasi, Spiriti na Ubuyu wa Mama Zuhura

Siku yangu ya kwanza kazini nilitetemeka mpaka funguo zikaniponyoka. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeshuka kwenye kivuko pale Nansio, na begi langu na cheti cha ualimu wa kemia. Mkuu wa Shule, mzee mrefu wa Kikerewe asiyecheka ovyo, alinipeleka moja kwa moja mpaka mlango wa maabara. Akanikabidhi funguo, akasema, "Humo ndani kuna tindikali ya kuunguza ng'ombe mzima. Watoto ni wako kuanzia leo." Kisha akaenda zake, nami nikabaki nimeinama naokota funguo kwenye vumbi.

Niseme mapema ili msije mkanipamba: mimi ni mwoga. Niliogopa tindikali, niliogopa gesi, niliogopa jiko likikaa karibu na spiriti, na miaka yote niliyofundisha, Ukerewe, Misungwi, mpaka Mwanza mjini, sikuwahi kuingia maabara bila kuangalia kwanza mlango wa kutokea. Vijana mnaoanza kazi hii mnaona woga ni aibu. Wazee walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Darasani kwangu hakuna mtoto aliyepoteza jicho, na wala sidai sifa kwa hilo. Nilikuwa naogopa tu.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Mkuu wa Idara ya Sayansi wa pale Nansio, Msukuma mwenye sauti nene na kifua kama mlango. Aliposikia jina langu la Kihaya tu, akaanza utani wa Wahaya na usomi wao: "Ahaa, Nshomile amefika. Vitabu umesoma. Sasa njoo usome karatasi." Akaniwekea mezani kipande cha karatasi ya chujio, bika na kichupa cha wino mweusi. Nilikuwa nimeifanya kazi hiyo chuoni, tena nikapata alama nzuri, lakini mbele yake mikono yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine.

Kromatografia ya karatasi, kwa wasioijua, ni njia ya kutenganisha rangi zilizochanganyika. Unachora mstari karibu na ukingo wa chini wa karatasi. Juu ya mstari huo unadondoshea rangi kwa kimrija chembamba cha kioo, tone dogo, unaacha likauke, unaongeza, mpaka doa likolee bila kutanuka. Kisha unaisimamisha karatasi ndani ya bika, kile chombo cha kioo chenye mdomo mpana, ambamo umetia kiyeyusho kidogo: maji ya chumvi, au spiriti iliyochanganywa na maji. Kiyeyusho kikae chini ya mstari, la sivyo madoa yataoga humo na kazi imekufa. Unafunika, unasubiri. Kiyeyusho kinapanda na karatasi taratibu, kinabeba rangi, na kila rangi ina mwendo wake. Nyingine inakimbia, nyingine inavuta miguu. Wino uliouona mweusi unakuta umekuwa bluu, zambarau na njano. Ukitaka kuitambua rangi usiyoijua, unaweka kando yake rangi unazozijua, halafu unapima kila moja imepanda kiasi gani ukilinganisha na pale kiyeyusho kilipofika. Zikilingana, unasema zinafanana.

Bwana yule alikuwa na amri mbili. Ya kwanza: "Mstari ni wa penseli. Penseli haiyeyuki. Kalamu ina wino, na wino nao ni rangi, utapanda pamoja na zako." Ya pili: "Kila karatasi iachie nafasi moja tupu. Usiweke kitu hapo. Pakiota rangi, ujue mwongo ni wewe, siyo sampuli." Nilizishika amri hizo kama mtu anavyoshika sala asiyoielewa vizuri lakini anaogopa kuiacha.

Baada ya Ukerewe nilihamishiwa wilaya ya Misungwi, shule ya bweni ya wasichana isiyo mbali na njia panda ya Usagara. Mkuu wa Shule alikuwa mwanamama wa Kijita, tukimwita Mama Mkuu, mkali lakini wa haki. Makamu wake alikuwa mwalimu wa biolojia, kijana nadhifu, mwepesi wa kusaidia hata asipoombwa. Na nje ya geti, kwenye kimeza cha mbao, alikaa Mama Zuhura.

Mama Zuhura alikuwa mjane, ametoka kwenye ukoo wa Kiislamu wa Mwanza mjini, wafanyabiashara tangu babu zao. Aliuza ubuyu mwekundu, ule unaopikwa kwa sukari na rangi na pilipili kidogo, kwenye vipakiti. Wasichana waliupenda kupita kiasi. Ukiingia darasani baada ya mapumziko unakuta ndimi zote nyekundu, nami huwaambia, "Fungeni midomo, mnanitisha." Binti yake, Zuhura, alikuwa kidato cha nne darasani kwangu. Mtoto ana mkono mwepesi ajabu. Doa lake la rangi kwenye karatasi lilikuwa dogo kuliko langu.

Basi wiki moja wasichana wa bweni wakaanza kutapika. Walitapika vitu vyekundu. Tuliwapeleka hospitali wilayani, mmoja baada ya mwingine, na kabla hatujarudi maneno yalikuwa yameshafika njia panda: Mama Zuhura anatia rangi ya mikeka, ile ya unga wanayochovyea ukindu, kwa sababu ni ya bei rahisi. Mabwana afya walichukua chakula, maji na ubuyu wakapeleka maabara mjini, wakatuambia majibu yatachukua muda. Vijana wa bodaboda hawakuhitaji majibu. "Lisemwalo lipo," walisema, "kama halipo laja."

Jumamosi asubuhi mtu akasema mgonjwa mmoja amekufa. Haikuwa kweli, lakini neno hilo lilitosha. Ukapigwa mwano, ule ukelele wa Kisukuma wa kuita kila mtu atoke na alichonacho. Kama hujawahi kuusikia, siwezi kukueleza. Unaanza mlima huu unajibiwa mlima ule, na mwili unakusisimka hata kama hujakosa kitu. Nilikuwa nafua. Niliacha nguo kwenye beseni nikaingia ndani nikafunga mlango, na sioni haya kusema.

Mgambo ndiye aliyekuja kunigongea. Mtendaji wa Kata alikuwa amemtoa Mama Zuhura kwenye chumba alichopanga kabla umati haujafika, na hakujua pa kumweka. Jengo lenye nondo madirishani lilikuwa moja tu, maabara yangu. Nilipofika nikawakuta Mama Mkuu, Makamu, Mtendaji, na Mama Zuhura ameketi kwenye kigoda cha wanafunzi, mtandio umemwanguka mabegani, binti yake amemkumbatia. Nje ya uzio watu walikuwa wamejaa kama mnadani.

Mtendaji alisema, "Madam, nimeambiwa hapa mna kipimo cha rangi. Pimeni, wawakilishi wa wananchi waone kwa macho yao, watu watulie."

"Ni kipimo cha kufundishia watoto," nilimwambia. "Majibu yanatoka mjini."

"Mjini ni lini? Polisi nimewapigia, wako njiani, lakini hao hapo nje hawawasubiri."

Nikamtazama Mama Mkuu. Yeye akasema, "Mwalimu, pima."

Nilikuwa naona njia mbili, zote mbaya. Rangi ikilingana na ya mikeka, ni mimi nitakayekuwa nimewasha kiberiti cha kumchomea mtu. Isipolingana, watasema walimu wamehongwa, nasi tumo wote ndani ya nondo. Lakini kukataa nako kulikuwa jibu. Wangesema tumekataa kwa sababu tunajua.

Wakaingizwa wawakilishi wawili: mzazi mmoja ambaye binti yake alikuwa hospitali, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na kamanda wa walinzi wa kijiji, sungusungu, mzee mkimya mwenye fimbo na koti zito. Alikuja na kifundo cha rangi ya mikeka alichokichukua dukani. Mama Mkuu akatoa jikoni kwake kichupa cha rangi nyekundu ya keki. Ubuyu ulikuwepo, beseni zima, mgambo walikuwa wameukamata kama mshitakiwa wa pili.

Nikaanza kazi. Ubuyu una sukari, na sukari hunata kwenye karatasi ikazuia rangi kutembea, kwa hiyo niliuosha kwa spiriti ya maabara iliyotiwa maji kidogo, siyo ile ya dukani ambayo yenyewe ina rangi. Spiriti huchukua rangi ikaiacha sehemu kubwa ya sukari. Ili ikolee niliiweka kwenye maji ya moto, jiko likiwa limeshatolewa nje, maana mvuke wa spiriti na moto havipatani. Wakati mimi nahangaika na hayo, Makamu alinikatia karatasi na kunichorea mstari. Nikamshukuru, na kwa kiwewe sikuangalia mstari ule amechora kwa kitu gani. Nikadondosha madoa: rangi ya keki, ubuyu, rangi ya mikeka, na nafasi moja tupu. Nikasimamisha, nikafunika.

Kiyeyusho kilipanda. Tulikuwa tumeinama wote juu ya bika moja. Rangi ya mikeka ikapanda haraka, ya waridi iliyokoza. Na juu ya doa la ubuyu, kwa kimo kilekile, ikatokea waridi.

Mzazi yule hakusubiri nimalize. Alikwenda dirishani akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Imelingana." Nje lile neno likapokewa na kupitishwa, na mara jiwe la kwanza likalia kwenye bati. Zuhura akamfunika mama yake kichwa kwa mikono. Mimi nilishika meza, macho yakabaki kwenye karatasi kwa kuwa sikuwa na ujasiri wa kuyapeleka kwingine.

Ndipo nikaiona nafasi tupu. Pale ambapo sikuweka kitu, nako kulikuwa na waridi. Ilikuwa imeota upana wote wa karatasi, kutoka ukingo mpaka ukingo.

"Makamu," nilisema, "mstari umechora kwa kitu gani?"

Akagusa mfuko wa shati. Ilikuwepo pale, kalamu nyekundu ya kusahihishia, ile ambayo mwalimu wa shule zetu haachani nayo hata akienda kanisani. Alikuwa amechora kwa kalamu hiyo kwa mazoea, kama anavyopigia mstari majina ya mahudhurio. Uso ulimshuka, akasema, "Mungu wangu, Madam," akakaa chini sakafuni.

Niliwaita wawakilishi nikawaonyesha pale patupu. Nikachora mstari mbichi kwa kalamu ile kwenye kipande kingine, nikadondoshea spiriti wakaona wino unavyokimbia. Mzazi alisema, "Mnatuchezea." Lakini kamanda aliinama akatazama kwa muda mrefu, kisha akasema, akiniita mama kwa lugha yao, "Rudia, mayo. Safari hii chora wewe." Akatoka mlangoni, akainua fimbo, akawaambia watu wake kwa Kisukuma wasubiri. Mawe yakapungua, hayakuisha.

Nikachora kwa penseli. Nikadondosha upya na mkono ukitetemeka hivi kwamba Zuhura alinyoosha wake anisaidie, nikamkatalia, asingeaminika. Nikafunika bika, tukasubiri. Katika kazi yote ya ualimu sijapata kusubiri kama kule. Kiyeyusho hakijui kwamba mtu ana haraka. Nilimpa Mama Zuhura maji ya kunywa, nikakaa kando yake.

Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Madam, ikitoka mbaya utawaambia?"

Nilitaka kusema hapana. Kila kitu ndani yangu kilitaka kusema hapana. Nikasema, "Nitasema ninachokiona."

Akatikisa kichwa polepole, akarudisha kikombe bila kumaliza maji.

Karatasi ilipotoka, rangi ya mikeka ilikuwa juu kabisa, imeruka mbali. Rangi ya keki na rangi ya ubuyu zilikuwa chini, zimekaa bega kwa bega, kimo kimoja, wekundu uleule. Nafasi tupu ilikuwa nyeupe. Nilipima kwa rula, nikawapa nao wapime. Mzazi alipima akapima tena. Kisha akaketi, akaanza kulia, maana sasa hakuwa na mtu wa kumkasirikia.

Nilidhani yamekwisha. Lakini kamanda alibaki amesimama. "Mayo," aliniuliza, "karatasi yako imeona rangi. Kama kuna sumu isiyo na rangi, itaiona?"

Jamani, ningeweza kudanganya. Makamu alikuwa ananitazama, Mama Mkuu ananitazama. "Haiwezi," nilisema. "Inaona rangi tu."

"Basi nikawaambie nini hawa?"

Nikachukua kipakiti cha ubuyu kutoka kwenye lile beseni la ushahidi, nikatoka nacho mpaka ngazini, kwa kuwa maabarani hakuliwi kitu, hata siku ile. Watu waliponiona wakatulia kidogo. Nikasikia mtu ananishika kiwiko kwa nyuma. Alikuwa Mama Zuhura. Midomo yake ilikuwa sikioni kwangu.

"Usile, Madam," alinong'ona. "Ile rangi niliuziwa sokoni imefungwa kwenye nailoni, haina hata jina. Mimi mwenyewe sijui kilichomo."

Hapo ndipo niliogopa kweli. Yale mengine yote niliyowasimulia yalikuwa mazoezi. Watu walikuwa wananitazama mdomoni, na kurudi nyuma kungekuwa ni kumkabidhi kwao. Nikarusha ubuyu mdomoni, nikatafuna. Ulikuwa mtamu, una pilipili inayochelewa. Nikatia mwingine, na mwingine, hadi kipakiti kikaisha, na machozi yananitoka mbele ya umati, wao wakidhani ni pilipili. Kamanda alikuja akasimama kando yangu, akanyoosha kiganja. Nikamfungulia kipakiti kingine. Akamumunya taratibu, akatema mbegu, akapangusa midomo kwa mkono wa koti. "Nendeni nyumbani," aliwaambia watu. Wakaanza kuondoka, wawili wawili, wengine bado wananung'unika.

Siku mbili tatu zilizofuata nilisikiliza tumbo langu kama mtu anayesikiliza hatua za mwizi. Halikufanya kitu. Wasichana walipona wote, na majibu ya mjini yalipokuja yalisema tatizo ni maji: tangi la bweni lilikuwa limeachwa wazi, na walipolichungulia wakakuta ndege aliyeoza. Walitapika wekundu kwa kuwa walikuwa wamekula ubuyu, basi. Hakuna aliyekwenda kumwomba radhi Mama Zuhura, wala hakuna aliyenunua tena ubuyu wake. Zuhura alipomaliza mtihani, wakahamia Mwanza.

Mimi nilimalizia kazi Mwanza mjini, chini ya wakuu wa shule ambao baadhi yao niliwahi kuwafundisha. Nilisisitiza penseli mpaka nikapewa jina la utani, Bibi Penseli, nikalipokea. Nimestaafu juzijuzi. Mkiniuliza kazi ilinifundisha nini, nitawaambia karatasi haina huruma na haina ubaya. Anayetetemeka ni yule anayeisoma, na atetemeke. Kisha nitawaambia la mwisho, ambalo halimo kwenye mtaala.

Kwenye sherehe ya kuniaga alikuja Zuhura, sasa ni muuguzi, mtu mzima mwenye watoto. Alipiga goti kidogo. "Shikamoo, Madam."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo. Yuko Igoma, anauza vitenge."

Nikamwambia lililonikaa rohoni miaka yote hiyo. Tumeishi mji mmoja na mama yake, na hata siku moja hajawahi kukanyaga mlangoni kwangu. Nilimuuliza kama ananichukia kwa yale yaliyompata.

"Hakuchukii kabisa," Zuhura alisema. "Kila Ijumaa anakuombea dua, kwa jina." Akakunjakunja ncha ya khanga yake. "Ila anakuogopa, Madam. Anasema wale wa nje hawakumjua, ndiyo maana hawamsumbui moyoni. Lakini wewe ulikaa naye, ukampa maji, ukamtazama usoni, na bado ungesema, hata ikitoka mbaya."

Nilimshika mkono, nikafungua mdomo nimwambie amweleze mama yake kwamba anakosea. Sikuweza, kwa sababu hakosei.